Risala ya Watu wa Nyama wa Mjambere Kuhusu Ng'ombe Wanaoletwa Kuchinjwa Wakiwa na Maradhi na Majeraha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia kilimo na mifugo;
Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo;
Kwa Afisa wa Afya ya Umma, Kisauni;
Kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi ya Mjambere, Bwana Chifu na wazee wa mtaa.



Waheshimiwa, tuliosimama mbele yenu ni wenye mabucha wa Mjambere, wachinjaji na wachuna ngozi, kina mama wanaochemsha matumbo na supu ya kwato, pamoja na wafugaji wachache wa Mtopanga na Mwakirunge ambao huuza ng'ombe wao wa maziwa wakishazeeka. Tumezoea kuitwa barazani nyama inapopanda bei, au mtu anapoumwa tumbo. Leo tumekuja wenyewe, kwa adabu, kueleza jambo tunaloliona kila alfajiri. Mteja halioni, kwa kuwa nyama ikifika kwenye ndoano ya bucha limekwisha kukatwa na kutupwa.

Ng'ombe ambaye mwenye bucha wa Mjambere anaweza kumnunua si fahali aliyenoneshwa. Ni jike aliyezaa sana hadi kiwele kikakauka, au aliyenusurika ukame wa Tana River akabaki mbavu, au mwenye mguu mbovu asiyeweza tena kufuata wenzake malishoni. Mwenyewe amemtoa zizini kwa sababu ana neno. Neno hilo halisemwi sokoni. Broka hulifunika kwa kiapo na kwa maji mengi ya kumjaza ng'ombe tumbo asubuhi ya mnada. Sisi hulijua baada ya kisu.

Hatulalamiki kwamba nyama mbovu inatupwa. Itupwe. Sisi pia twala nyama hiyo hiyo na watoto wetu. Malalamiko yetu ni kwamba hasara yote humwangukia aliyenunua mwisho, na habari ya ugonjwa haimrudii aliyefuga kwanza. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti machinjio, masoko ya mifugo na huduma za mifugo. Ndiyo maana tumekuja kwenu, wala hatukwenda Nairobi.

1. Ini na mapafu

Mtu akinunua ng'ombe mzee, nyama yake hurudisha mtaji tu. Faida imo kichwani, miguuni na tumboni. Ini ndilo linalotangulia kuisha bucha ikifunguliwa, na ndilo linalotangulia kutupwa machinjioni. Ng'ombe aliyelisha kwenye majani ya tope, pembezoni mwa mto au kwenye madimbwi yanayobaki baada ya masika, huokota minyoo bapa wa ini, ambao kwanza hupitia kwa konokono wa majini. Miaka ikipita, mirija ya nyongo hukakamaa hadi kisu kinakwaruza kama kimepita kwenye changarawe. Mkaguzi hulipasua, hulitazama, hulitupa. Hatumlaumu.

Mapafu nayo yana yao. Mengine yameshikamana na mbavu, alama ya homa ya mapafu ambayo ng'ombe aliugua zamani akapona nusu. Mengine yana usaha, na mengine vifuko vya maji tutakavyovieleza mbele.

Linalotuuma ni kwamba aliyemfuga ng'ombe huyo hatajua kamwe. Ana kundi zima linalolisha bonde lile lile. Dawa ya kunywesha ipo, na ingetolewa kwa wakati wake ingeyaokoa maini ya wanaobaki. Ng'ombe huyo aliposafirishwa alikuwa na kibali cha kuhamisha mifugo, na kibali kinasema ametoka wapi. Machinjioni kuna daftari linalosema kimetupwa nini. Karatasi hizi mbili hulala katika jengo moja bila kukutana.

Twaomba zikutanishwe. Kila kiungo kinachotupwa kiandikwe pamoja na sababu yake na mahali ng'ombe alikotoka, na kila mwezi muhtasari upelekwe kwa maafisa wa mifugo wa kaunti husika, iwe Tana River, Garissa, Kilifi, Kwale au Taita Taveta. Nakala moja ibandikwe mlangoni mwa machinjio ili nasi tujue soko lipi tununue na lipi tuliepuke. Jambo hili si geni. Sotoka, iliyomaliza mifugo ya mababu zetu, ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, na mara ya mwisho ilionekana hapa Kenya, kwa nyati wa Meru, mwaka 2001. Chanjo ilifanya kazi kubwa, lakini haikufanya peke yake. Walikuwapo watu waliouliza kila mnyama mgonjwa ametoka wapi, wakamfuata hadi huko.

2. Shimo la machinjio na mbwa wa mtaani

Vile vifuko vya maji ni watoto wa mnyoo wa mbwa. Mbwa akila pafu bichi lenye kifuko chenye uhai, baada ya wiki chache minyoo wadogo hukomaa tumboni mwake, naye hutapanya mayai kwa kinyesi chake. Mayai hushika majani, maji na mikono ya watoto wanaocheza naye. Binadamu akiyameza, kifuko kama kile huota katika ini au pafu lake, kikakua kwa miaka bila yeye kujijua, na mara nyingi hulazimu apasuliwe. Watu wa Turkana waliteswa na ugonjwa huu hata shirika la AMREF likaendesha huko, miaka ya 1980, kazi ya kuwapasua wagonjwa na kuwatibu mbwa.

Wataalamu watatujibu kwamba vifuko vingi vya ng'ombe ni tasa, na kwamba vya kondoo na ngamia ndivyo vya kuogopwa zaidi. Twakubali. Lakini shimo hupokea vya wote, na mbwa hachagui. Mashimo tunayoyajua yana mifuniko iliyovunjika au hayana kabisa, na usiku husikika vurugu za mbwa humo. Tena wako watu, Mungu awasamehe, ambao huingia na tochi na kuokota kilichotupwa ili wakakiuze kwa bei ya kutupa.

Twaomba mashimo yawe ya kina, yenye mfuniko wa chuma na kufuli, na uzio usiopitisha mbwa. Kilichokataliwa kichanjwe na kumwagiwa rangi au dawa mbele ya mkaguzi, mtu asiweze kukirudisha sokoni. Na kila mnapoendesha chanjo ya kichaa cha mbwa Kisauni, mbwa wapewe na dawa ya minyoo siku hiyo hiyo. Mbwa amekwisha kamatwa, kazi iliyobaki ni ndogo.

3. Majeraha ya safari

Hapa tutaomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo penye hasara nyingi inayoepukika.

Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Ng'ombe hupakiwa wakibanana, wenye pembe ndefu pamoja na wasio na pembe, madume pamoja na majike yaliyokonda. Sakafu ya lori ni chuma chenye mkojo, kwato hazishiki. Anayeteleza hukanyagwa na wenzake hadi mwisho wa safari. Utingo humwinua kwa kumpinda mkia au kwa fimbo yenye msumari. Wakifika, hakuna jukwaa la kushukia. Lori husimama, ubao hufunguliwa, ng'ombe husukumwa aruke. Ng'ombe kijana hujikakamua. Jike mzee ana nyonga zilizochomoza na hana nyama ya kumkinga, kwa hiyo kila pigo hufika mfupani.

Ngozi ikichunwa tunaona yote. Damu imevilia kwenye nyonga, mgongoni na mabegani. Vilio jekundu ni la juzi au jana. Linaloanza kugeuka manjano ni la siku nyingi, alilipata hata kabla hajapanda lori. Tunakuta mbavu zilizovunjika na kuunga kombo, magoti yaliyojaa maji, kwato zilizooza kwa ndani. Sehemu iliyovilia hukatwa na kutupwa, na nyama inayobaki jirani yake haikai siku nzima katika joto la Mombasa. Ngozi yenye matundu ya misumari mnunuzi wa ngozi huikataa. Basi fimbo moja ya utingo imelipiwa na mwenye bucha, na mchuna ngozi, na mama wa Mjambere aliyetoka na kibaba cha pesa kununua nusu kilo.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imo vitabuni miaka mingi. Njiani, vizuizini, hutazamwa kibali; miguu ya ng'ombe haitazamwi.

Twaomba pajengwe majukwaa ya kupakia na kushushia katika masoko na machinjio yaliyo chini yenu, hata ya udongo ulioshindiliwa yanatosha. Malori yatakiwe kuwa na mchanga au majani sakafuni na vizuizi vya kutenganisha wenye pembe. Ng'ombe akifika apate maji na usiku mmoja wa kupumzika kabla ya kisu. Na msafirishaji ambaye mizigo yake hufika na majeraha kila mara aandikwe, aitwe, na asipojirekebisha anyimwe kazi hiyo.

4. Ng'ombe asiyesimama

Mara kwa mara lori likifunguliwa, mmoja halisogelei lango. Amelala, macho yanatazama. Hapo huanza mashindano. Mwenye mali anataka achinjwe upesi kabla hajafa, mchinjaji anaogopa dhambi, mkaguzi hajafika. Wengi wetu ni Waislamu na twajua mpaka ulipo: roho ikitoka kabla ya kisu, huyo ni nyamafu, hana bei wala dua. Lakini aliye hai si lazima awe salama. Huenda amevunjika nyonga tu, na huenda ana kimeta, na kimeta hakitakiwi hata kupasuliwa, kwani damu yake ikimwagika ardhi hiyo hubaki na vijidudu vyake kwa miaka mingi. Mnamwachia mchinjaji aamue jambo la daktari, gizani, huku akitukanwa na mwenye ng'ombe.

Twaomba pawe na zizi la kutengwa, na amri iliyoandikwa ukutani kwamba ng'ombe asiyesimama hachinjwi hadi daktari wa mifugo amtazame akiwa hai, na kwamba mchinjaji anayekataa asipoteze zamu yake. Hata ng'ombe wanaosimama wanastahili kutazamwa kabla ya kisu. Homa, mate, chechemeo na mimba huonekana kwa aliye hai, si kwa mzoga.

5. Taa na muda wa ukaguzi

Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ikaguliwe na kupigwa muhuri kabla ya kutoka. Hilo hufanyika. Lakini kifua kikuu cha ng'ombe hujificha ndani ya tezi za koo na za mapafu, na tezi hizo lazima zichanjwe moja moja. Lulu za tegu, zile chembe nyeupe zinazompa mlaji mnyoo, hukaa kwenye misuli ya taya, ulimi, moyo na bega. Hakuna anayeziona chini ya taa moja ya manjano, nje mabodaboda yakipiga honi yawahi bucha kabla ya saa kumi na mbili. Jike wa maziwa aliyeishi miaka mingi zizini ndiye wa kutazamwa zaidi kwa kifua kikuu, maana maziwa yake yamenywewa na nyumba nzima.

Twaomba taa nyeupe za kutosha, wakaguzi wa kuendana na idadi ya vichwa, na saa ya kufungua mlango ipangwe na mkaguzi, isipangwe na pikipiki. Pia twaomba chumba cha baridi kali. Nyama yenye lulu chache za tegu huweza kuokolewa kwa kugandishwa siku kumi au zaidi, lakini pasipo na chumba, mkaguzi ana njia mbili tu: kuitupa yote au kufumba macho. Kila tukikuta kifua kikuu, boma alikotoka ng'ombe litembelewe, watu wake wapimwe.

6. Sindano za dakika ya mwisho

Ng'ombe anayeugua hudungwa dawa kwanza. Asipopona haraka huuzwa. Tunakuta majipu shingoni na pajani palipodungwa, na hayo hukatwa. Dawa iliyomo ndani ya nyama haikatiki wala haionekani. Chupa yenyewe imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, lakini chupa ilibaki kwa mfugaji.

Twaomba kibali cha kuhamisha mifugo kiongezwe mstari mmoja wa kuandikwa dawa ya mwisho na tarehe yake, ukiwa na sahihi ya muuzaji, na sampuli zichukuliwe mara kwa mara bila kutangazwa. Wafugaji waliomo kati yetu wamekubali kuanza wao.

7. Waya na plastiki

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na mitaani imepungua. Matumboni bado. Ng'ombe wa mjini wanaolelewa kwenye majaa hukutwa na fundo la plastiki na kamba, tumbo limejaa na mwili umekonda. Wengine wamemeza waya au msumari, nao ukatoboa kutoka tumboni hadi kwenye mfuko wa moyo. Tunafungua kifua, usaha unamwagika. Mama wa matumbo aliyekwisha lipia hurudi mikono mitupu.

Twaomba majaa yazungushiwe uzio, na mabaki ya mboga ya soko la Kongowea yatengwe na takataka nyingine mapema, kwani mabaki hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wengi wa Kisauni.

8. Majike yenye mimba

Huuzwa kwa jina la tasa, na tunakuta ndama aliyekwisha ota manyoya. Hakuna mchinjaji aliyezoea jambo hilo. Twaomba majike yapimwe mimba sokoni kabla ya mnada. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa mtaalamu mwenye glavu ndefu.

9. Afya ya wanaoshika damu

Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006 na kuendelea hadi 2007, watu zaidi ya 150 walifariki nchini, na Tana River na Kilifi, kunakotoka ng'ombe wetu, ziliguswa. Wachinjaji na wachunaji ni miongoni mwa wanaotangulia kuambukizwa, kwa sababu damu huwarukia usoni. Ugonjwa wa kutupa mimba nao humwingia mchinjaji kupitia mkono uliokatika, akawa na homa za kuja na kuondoka na maumivu ya viungo. Kwenye zahanati huambiwa ni malaria, akapewa dawa ya malaria, akarudi tena. Vijana wetu huchinja wamevaa kandambili na fulana.

Twaomba buti, aproni, glavu na miwani viwe sharti la leseni ya machinjio na vitolewe na mwenye leseni, si kukatwa kwenye ujira. Maji ya bomba na sabuni yawepo alfajiri, si saa tatu. Wachinjaji wapimwe magonjwa haya angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa kadi ya afya wanayodaiwa sasa inamlinda mteja dhidi ya mchinjaji, lakini haimlindi mchinjaji dhidi ya ng'ombe. Na mvua kubwa za El Nino zikitabiriwa, tuambiwe mapema, kwa Kiswahili, kabla redio haijatangaza vifo.

10. Hasara

Ng'ombe mzima akikataliwa, mwenye bucha hupewa karatasi. Broka amekwisha ondoka na simu yake haipatikani. Mkopo wa chama unabaki. Wapo wenzetu waliofunga bucha kwa ng'ombe mmoja tu, na wapo, hatutawaficha, waliojaribiwa kuchinja uani usiku ili mkaguzi asiwaone. Anayechinja uani anavunja sheria, nasi hatumtetei, lakini aliyemsukuma ni hasara isiyo na mwenzi.

Twaomba mambo matatu. Mauzo yote sokoni yaandikwe kwa hati yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho na chapa ya ng'ombe. Sheria ya chapa, Sura ya 357, ipo tayari. Hati hiyo iseme kwamba ng'ombe akikataliwa mzima kwa ugonjwa aliokuja nao, muuzaji anarudisha sehemu ya bei. Na pawe na mfuko wa hasara: kila kichwa kinachochinjwa kilipiwe ada ndogo juu ya ada ya sasa, nasi tuko radhi kuilipa, mfuko usimamiwe kwa pamoja na hesabu zake zisomwe barazani.

Waheshimiwa, twaomba tujibiwe kabla ya Idd ya kuchinja. Wakati huo malori huongezeka, na kila mwenye ng'ombe mbovu humwona mnunuzi wa udhiya kuwa mlango wa kutokea, ingawa mnyama wa udhiya hafai akiwa kilema, mgonjwa wa wazi au aliyekonda hadi mifupa. Zizi la kutengwa, taa na kufuli la shimo havingoji bajeti mpya, na vikianza kabla ya sikukuu tutaviona. Yanayohitaji fedha na bunge la kaunti tutayangoja, na tumechagua wajumbe kutoka kila upande wa kazi yetu watakaofika ofisini siku mtakayoitaja.

Ni sisi wenu,
Wenye mabucha, wachinjaji, wachuna ngozi, wauza matumbo na wafugaji wa Mjambere na mitaa jirani